Ubao wa Bei wa Bana Lukonde

Kitwe, Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Soko,

Nakusalimu kwa heshima, japo sokoni kwako heshima yenyewe imeanza kupimwa kwa mizani.

Mimi ni mchimba shaba mstaafu. Kwa miaka kumi na tisa nimenunua dagaa kwa Bana Lukonde, yaani mama yake Lukonde, kibanda cha tatu kutoka lango la nyuma. Wiki iliyopita binti yake, huyo Lukonde mwenyewe, karudi kutoka chuo na elimu yake, akamtundikia mama yake ubao: KIKOMBE KWACHA 20, BEI MOJA KWA WOTE. Eti ndiyo haki. Haki gani hiyo? Malalamiko yangu ni haya:

1. Bei moja kwa wote ni matusi. Yaani mimi niliyebeba jeneza la mume wa Bana Lukonde nilipe sawa na mpita njia aliyeshuka jana kwenye basi la Lusaka?

2. Mbasela imefutwa. Kile kiganja cha dagaa anachokuongezea muuzaji ukishalipa, ndicho kilichomtofautisha mtu na mtu. Nilipokinga mfuko nikisubiri, binti akaniambia, "Shikulu, haki yako umeshapata." Ananiita babu kwa Kibemba safi huku ananinyima dagaa! Adabu za chuoni hizo.

3. Zamani Bana Lukonde alianza na arobaini bila haya. Namwita mwizi, ananiita bahili, anauliza goti langu, namuuliza presha yake, na tukija kuelewana jua limeshapanda. Sasa nalipa na kuondoka kabla sijakohoa. Tangu mke wangu afariki, nani mwingine Kitwe nzima wa kunitukana asubuhi? Nauliza kwa dhati, na nataka jibu la maandishi.

4. Kwa hiyo naiomba Kamati ubao upasuliwe kuni, kikombe kikamatwe na polisi kama kielelezo, na Bana Lukonde aamriwe kunitajia bei ya kinyama kila anionapo. Akikaidi, afungiwe kibanda. Binti arudishwe chuoni, na chuo kirudishe ada.

Nisalimie wanakamati wote, walinzi wa lango, na wauza nyanya, hata wale wanaoficha zilizooza chini ya fungu.

Ni mimi, mnunuzi aliyefanywa sawa na yeyote,
Kabaso Ng'andwe

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimwendea Bana Lukonde, nimwonye kistaarabu kwamba namshtaki. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Ba Ng'andwe, wenzako wote walikuwa wakilipa ishirini tangu zamani. Wewe peke yako nilikuwa nakutoza ishirini na tano, ndipo nikapata cha kukuongezea." Basi ubao uacheni, una haki, na binti wa watu asisumbuliwe. Ninaomba jambo moja tu, Mheshimiwa: mimi niruhusiwe kulipa ishirini na tano kama zamani.