Jina la Muda la Kalina

Jumanne, 8 Aprili
Siku tano kabla ya Jumapili ya Matawi. Kwetu hiyo ndiyo siku ya jina ya wote wenye majina ya maua na miti: mimi Yavor, binti yangu Kalina, sote tunasherehekea. Kila mwaka yeye hunipigia kwanza. Mwaka huu sijui. Tangu Februari hatusemezani. Aliacha kazi niliyomtafutia hapa kwenye kampuni ya simu, akaenda Sofia kutengeneza vikaragosi vya jukwaani. Nilimwambia asirudi mpaka apate akili. Akanitii! Mtoto ambaye hajawahi kunitii hata kuvaa kofia.

Stanka, mke wangu, anasema nimpigie tu. Nikamwambia mimi ndiye baba. Akauliza, "Kwani baba huwa hana vidole?"

Jumatano, 9 Aprili
Nimepata mpango! Sipigi. Nitajua tu yuko wapi, kisha nikutane naye kana kwamba ni bahati.

Kumsaka mteja kwa namba yake halisi ni marufuku, na mtambo huandika nani kasaka. Lakini mtandao hautangazi namba halisi hewani. Kila simu hupewa jina la muda, tarakimu tupu, ili anayedukua asijue nani ni nani. Majina hayo ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa huu. Jana jioni Kalina alimpigia mama yake saa moja na dakika kumi na mbili. Nimechungulia orodha ya dakika hiyo, nikalipata jina lake, nikaliandika nyuma ya risiti ya duka la dawa.

Nimelitazama muda mrefu. Jina lake la ubatizo nililigombania siku tatu na mama mkwe. Hili mashine imempa kwa kufumba na kufumbua, na leo ndilo pekee ninalothubutu kumwitia. Nimejisikia vibaya.

Alhamisi, 10 Aprili
Jina limebadilika! Lazima libadilike. Mimi mwenyewe ndiye niliyepanga libadilike kila baada ya simu chache. Mchimba kisima kaingia mwenyewe! Jioni kampigia tena mama yake, nikalipata upya. Kisha nikageuza mpangilio: kila jina likae siku saba.

Radko, wa meza ya pili, akataka kujua kwa nini. Nikasema naupunguzia mtambo mzigo, maana Jumapili nchi nzima itapigiana simu za pongezi. Meneja akanisifu mbele yake. Radko akanuna. Raha!

Kwenye basi nikawaza: watu maelfu kwa maelfu watatembea na jina lilelile wiki nzima, kisa mimi naona haya kupiga simu. Nikaacha kuwaza.

Jumamosi, 12 Aprili
Jina limeondoka Sofia! Liko kwenye kijiji kidogo chini ya milima ya Rodopi. Mnara mmoja, nyumba thelathini. Kumbe amekuja karibu, ila anaogopa kufika nyumbani. Moyo umenilainika kabisa. Nimenunua maua.

Jumapili, 13 Aprili
Nilimdanganya Stanka kuwa nimeitwa kazini. Nikazima simu, Radko asije akagundua niko wapi. Kijijini nikazunguka na maua mkononi kama mposaji. Mzee mmoja akanidaka mkono langoni kwake: Tsvyatko, miaka themanini na mbili. "Ingia, kijana, samaki anapoa!" Kijana! Nina hamsini na nne. Ilikuwa siku ya jina lake pia, na kwetu siku hiyo mgeni haalikwi, huja mwenyewe. Ningesema nini? Nikampa maua. Akalia kidogo.

Meza ilikuwa ya watu kumi. Mgeni nilikuwa peke yangu. Binti yake yuko Hispania, mwaka wa pili hawajaongea. Nikamuuliza mbona asimpigie. Akasema ataonekana anambembeleza. Nilimhurumia sana. Mtu mzima, kiburi namna ile!

Nikaondoka saa kumi, nikiwa na glasi nne za rakia, pombe yetu kali ya matunda, kichwani. Kalina sikumwona.

Nyumbani Stanka alinipa habari akiwa amenigeuzia mgongo. Mezani sahani tatu. Kalina alikuja saa tano, bila kualikwa, kama mgeni wa siku ya jina. Aliniletea kikaragosi chenye masharubu kama yangu. Alinipigia mara tisa. Akaondoka na treni ya saa tisa.

Sijala. Nimekaa na hicho kikaragosi mapajani hadi sasa.

Jumatatu, 14 Aprili
Ni Radko! Jumamosi asubuhi aliuzima mtambo na kuuwasha upya. Majina yote yakagawiwa tena, na lile la Kalina akaangukiwa nalo mwanakijiji. Labda ni mzee Tsvyatko mwenyewe. Radko ameyarudisha yabadilike kama zamani, na meneja kamsifu yeye. Mnafiki.

Stanka kanisimamia mlangoni. "Baba Kalina, piga. Sasa hivi." Nikamwambia mambo haya yanataka mpango. Nao ninao: nitakata tiketi ya onyesho lao Sofia, nikae safu ya mwisho na miwani myeusi.

Simu inaita ninavyoandika. Ni Kalina! Ngoja iite kidogo, asije akadhani nilikuwa nimeikalia.

Mara tano. Mara sita. Imenyamaza.

Vizuri. Kesho atapiga tena.