Shule ya Bweni ya Kuku

Tai aliingia kwa Mama Cherehani kushonewa kifungo, akatoka na wazo la kufungua shule.

Kifungo kilikuwa cha koti lake, na koti lilikuwa moja tu, kwa hiyo alikaa kibarazani na shati lake akisubiri. Shingoni alikuwa na ile tai nyekundu iliyompa jina, ambayo hakuivua hata jua liwake namna gani. Wapo waliodai jina lilimfaa zaidi kwa sababu ya ndege kuliko kitambaa, lakini hao walikuwa watu wa mitaa aliyokwisha kuihama kwa haraka.

Kwenye benchi la pili walikaa Kinyozi, ambaye duka lake lilipakana na cherehani, na Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuwa bado anazungumza kana kwamba kuna ubao nyuma yake. Wote wawili, pamoja na Mama Cherehani mwenye kibaraza, walifuga kuku nyuma ya nyumba zao. Jioni kazi zikipungua, walikutana hapo kupeana ushauri.

"Wangu wamevamiwa na utitiri," Kinyozi alisema. "Wanajikuna kama wana deni."

"Watilie majivu makavu kwenye karai," Mama Cherehani alijibu huku mdomo umebana sindano. "Wataoga wenyewe. Usiwapake dawa yako ya kunyolea, nakujua wewe."

"Na maganda ya mayai msitupe," Mwalimu aliongeza. "Yakausheni, myasage mpaka yawe unga, muwarudishie. Lakini yawe unga kabisa. Kuku akishatambua kwamba lile ni yai, atakula na mengine."

Tai alisikiliza kwa adabu, macho nusu yamefumba. Hakujua lolote kuhusu kuku zaidi ya kwamba vidari ni vitamu. Kilichomzindua ni swali la Kinyozi, alilolitupa kama halina maana: "Enhe, na kutaga je, jamani, siku hizi kukoje?"

"Si vibaya," alisema Mwalimu.

"Hatujambo," alisema Mama Cherehani.

"Na mimi hivyo hivyo," alisema Kinyozi, na wote watatu wakatazamana kwa pembe ya jicho. Kila mmoja alikuwa anatoa ushauri kwa moyo mkunjufu na kubakiza ule ulio bora nyumbani. Kila mmoja alitaka kuku wa mwenzake wapone, ila wasitage kuliko wake. Tai alilijua jicho lile. Ndilo lililomlisha maisha yake yote ya utu uzima.

Kesho yake alimrudia Mama Cherehani akiwa peke yake.

"Mama, jana nilichungulia kuku wako pale uani. Samahani kwa hilo, ni mazoea ya kazi. Wana vipaji."

"Kazi gani?"

"Elimu," Tai alisema, akashusha sauti. "Mama, kuku wa kawaida anataga mara moja kwa siku kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna mara ya pili. Sisi tunamwambia."

Mama Cherehani alisimamisha mashine. "Sisi nani?"

"Shule. Iko nje ya mji, ya bweni, maana mwanafunzi akirudi nyumbani kila jioni anaharibiwa na wale wasiosoma. Tunachukua watatu tu kwa kila familia, wale wanaotaga vizuri zaidi, na debe la pumba kwa chakula chao. Lakini ningeomba wale wenzako wa barazani wasijue. Nafasi ni chache."

"Hata Kinyozi asijue?"

"Kinyozi hasa."

Kwa Kinyozi alisema vivyo hivyo, ila alipoulizwa, "Hata Mama Cherehani?" alijibu, "Mama Cherehani hasa." Aliyempa hofu kidogo ni Mwalimu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa.

"Mtaala wenu ukoje?"

"Asubuhi nadharia, Mwalimu. Jioni vitendo."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Siku hizi shule nyingi zimeacha vitendo."

Basi wanafunzi wakaletwa njia panda, mahali Tai alipopokelea, kila mzazi kwa wakati na njia yake ya siri. Wa Mama Cherehani walikuja ndani ya furushi la vitambaa. Wa Kinyozi walifunikwa shuka la kunyolea, kichwa kimoja kikichungulia kama mteja. Wa Mwalimu walifika ndani ya mkoba wa zamani wa madaftari, na mzee akawaaga kwa kuwaasa wasikilize.

Shule yenyewe ilikuwa chumba cha kupanga cha Tai, chenye kitanda, kiti, kioo na dirisha moja. Kuku tisa hawakukusudiwa kukaa humo zaidi ya usiku mmoja. Upande wa pili wa mji kulikuwa na mama mwenye mgahawa mkubwa aliyemwambia Tai kwamba akipata kuku atawachukua wote kwa mpigo. Mama huyo alifika kweli, lakini siku kadhaa baadaye, kwa kuwa alikuwa na shughuli zake. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa kanga, akawatazama wanafunzi.

"Hawa wanasinzia," alisema.

"Wanafikiri, mama."

"Vilemba vyao vya kichwani vimepauka. Yule pale amenyong'onyea kama ana msiba. Mimi simwekei mtu ugonjwa kwenye sahani. Wakichangamka niite, nitawachukua. Wakibaki hivi, wazike mwenyewe." Akaondoka.

Tai alibaki na kuku tisa na ukweli mmoja: alikuwa hajui kuwatunza. Pumba aliziona kama adhabu, akaziuza, akawa anawapa mkate aliouloweka kwenye chai. Usiku walilala juu ya ncha ya kitanda chake, wakiharisha juu ya koti. Mmoja alisimama mbele ya kioo kutwa nzima akigombana na kuku wa ndani. Mwingine alikataa kabisa kutaga mpaka alipogundua kiatu cha kushoto cha Tai chenye soksi ndani. Watatu hawakula kitu isipokuwa Tai alipokuwa anasoma gazeti kwa sauti. Akinyamaza, nao wanaacha.

Hakuwa na pa kwenda isipokuwa kule kwa wajuzi. Jioni ile alijikokota mpaka kibarazani, akaketi, akavuta pumzi.

"Nina shangazi yangu yuko mbali," alianza. "Anafuga kuku. Wananyong'onyea. Sijui nimshauri nini."

Wote watatu walimgeukia kwa huruma, maana mfugaji hawezi kusikia kuku mgonjwa akabaki ametulia.

"Wana dalili gani?" aliuliza Kinyozi.

"Wanaharisha, wanasinzia. Halafu wana vituko. Mmoja anagombana na kioo siku nzima."

Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga. Kuku wake mwekundu alikuwa amekulia dukani, chini ya kioo.

"Mwingine hatagi mpaka apate kiatu chenye kitambaa ndani."

Mguu wa Mama Cherehani ulikwama kwenye pedali. Kuku wake mmoja alizoea kutagia kwenye kiatu kikuukuu kilichojaa mabaki ya vitambaa.

"Na wengine, mtanicheka, hawali mpaka wasomewe."

Mwalimu alivua miwani. Hakuipangusa. "Wasomewe nini?" aliuliza polepole.

"Chochote. Gazeti."

"Gazeti," Mwalimu alirudia, na ilionekana limemuuma zaidi kuliko wizi. Kwake walizoea hadithi.

Hakuna aliyepaaza sauti. Mama Cherehani ndiye aliyejikaza kwanza. Akamwambia Tai amwambie shangazi asikate tamaa, arudi kesho, watamwekea ushauri kamili. Tai alishukuru, akaondoka akiwa amepata nafuu moyoni.

Alipokata kona, Kinyozi akakohoa. "Yule mwekundu ni wangu."

"Wa kiatu ni wangu," alisema Mama Cherehani akitazama chini.

Mwalimu alirudisha miwani machoni. "Niliuliza mtaala," alisema hatimaye. "Akaniambia nadharia na vitendo. Nikaona inafaa."

Wakaona aibu, kila mmoja akijua sasa kwamba mwenzake alitaka kumzidi. Kisha Kinyozi akaanza kucheka, na kicheko kikawaambukiza mpaka Mama Cherehani akalazimika kusimamisha mashine asijishone kidole. Kinyozi alitaka wamfuate Tai palepale wamkamate.

"Wapi?" Mwalimu aliuliza. "Unapajua kwake? Ukimkurupusha atawauza usiku huu huu. Na kuku ni wagonjwa. Acha kwanza awaponye."

"Yule? Hajui kitu."

"Tutamfundisha," alisema Mwalimu, na mgongo wake ukanyooka. "Kwa vitendo."

Ushauri walioutoa ulikuwa wa kweli tupu, kwa sababu wasingeweza kuwadhuru kuku wao. Tai aliambiwa shangazi atoe kila kitu chumbani, apige chokaa ukutani, amwage maranda ya seremala sakafuni na kuyabadilisha yakilowa. Awawekee fito za kulalia na viota vyenye nyasi kavu. Maji yawe safi asubuhi na jioni. Chakula kiwe mahindi ya kuparaza, dagaa waliosagwa, na kabichi inayoning'inizwa kwa kamba ili waruke kuidonoa wapate mazoezi.

"Kabichi inaning'inizwa juu kiasi gani?" aliuliza Tai, akihema.

"Mpaka waruke," alisema Kinyozi. "Na kila mmoja apewe maneno mazuri. Kuku akinuniwa, ananuna."

Tai aliuza saa yake akanunua dagaa. Aliuza kiti akalipia maranda. Alipiga chokaa mpaka nyusi zikawa nyeupe, na yeye mwenyewe akahamia kulala kwenye korido, kwa sababu moshi wa kufukiza utitiri ulimshinda. Kila jioni alikuja kibarazani na maswali mapya ya shangazi, na kila jioni alirudi na kazi mpya. Mama mwenye nyumba alimkuta siku moja amechutama mbele ya kuku mwekundu, akimwambia kwa upole kwamba yule wa kwenye kioo hamfikii kwa uzuri.

Kuku walipona. Manyoya yakang'aa, vichwa vikawaka kama pilipili. Tai akajiandaa kumwita mama wa mgahawa, na ndipo Mama Cherehani alipomshika mkono pale kibarazani.

"Baba, siri imenishinda," alimwambia. "Nimewaambia wenzangu kuhusu shule, na wao wakakiri kwamba wana watoto huko huko. Hatuna ugomvi. Tumeamua kukuletea wote waliobaki mabandani. Lakini wazazi ni wazazi, tunataka kwanza tuone mahafali."

Tai aliona mbele yake mabanda matatu yaliyojaa kuku. Akawapima na wale tisa wa chumbani, na wale tisa wakaonekana wachache sana.

"Mahafali," alisema, "yalikuwa kwenye ratiba."

Yalifanyika uani kwa Mama Cherehani. Tai alileta wahitimu kwa mkokoteni, kila mmoja amefungwa utepe mguuni, na Mwalimu akatoa hotuba fupi kuhusu faida ya elimu. Kila mzazi alichukua wake. Tai, kwa mshangao wake mwenyewe, alichelewa kumwachia yule mwekundu.

"Huyu hapendi mahindi makavu," alimwambia Kinyozi. "Mlowekee kidogo."

"Najua," alisema Kinyozi, kisha akajirekebisha. "Nitakumbuka."

Wanafunzi wapya walikuwa tayari ndani ya matenga makubwa, yamefunikwa magunia na kushonwa pembeni kwa uzi mnene.

"Nimewashonea giza," Mama Cherehani alieleza, "wasishtuke njiani."

Tai alitikisa kichwa kama mtaalamu. "Sawasawa kabisa. Kuku akiwa gizani hutulia." Hilo alilijua kwa jasho lake. Ndiyo maana kimya cha matenga hakikumshangaza. Aliinama akanusa, na harufu ilikuwa yenyewe. Kwa sasa angeweza kuitambua akiwa usingizini. Matenga yalikuwa mazito. Alipowaambia wazazi kwaheri, walimpungia mikono kwa furaha isiyo ya kawaida kwa watu wanaoachana na watoto.

Hakupitia chumbani. Alisukuma mkokoteni moja kwa moja mpaka upande wa pili wa mji, akiwakemea watu wa barabarani wasipige kelele wasije wakawaamsha. Nyuma ya mgahawa, mama mwenyewe alitoka na kisu cha jikoni, akakata uzi wa tenga la kwanza, akalifunua gunia.

Ndani kulikuwa na mbolea. Mbolea ya kuku, kavu, imeshindiliwa mpaka juu, na katikati ya tenga lilikaa yai moja lililochemshwa. Tai alifunua la pili. Alifunua la tatu, kwa kuwa binadamu hakosi matumaini. Mabanda yote matatu yalikuwa yamefagiliwa vizuri mno.

Alikaa kwenye kingo za mkokoteni. Alifikiria saa yake, kiti chake, mgongo wake. Alifikiria kuku mwekundu, kisha akajionya asimfikirie. Mama wa mgahawa alichota mbolea kiganjani, akaifikicha.

"Imekauka vizuri," alisema. "Nina shamba dogo la mchicha hapa nyuma. Utaniachia kwa sahani ya chakula?"

Tai alinyanyua kichwa. Alikaza fundo la tai, akakohoa kidogo.

"Mama," alisema, "hii usiione hivi. Kuku walioitoa wamesoma."

"Vizuri," alisema mama, akifuta kiganja kwenye aproni. "Jembe liko nyuma ya mlango. Ukimaliza kuimwaga, uje ule."