Mikunjo Saba ya Mkurugenzi

Kuanzia siku hiyo, vipaza sauti vya uwanja wa ndege vilitangaza, anga letu litakuwa na adabu. Mamlaka ya Staha Angani ilikuwa imetoa Mwongozo wa kurasa tisini: abiria asivae ndala, nguo zake zisizidi mikunjo mitatu, na asisamehewe mtu kwa sababu ya cheo, umri wala machozi. Sahihi ya Mkurugenzi Mkuu ilijaza nusu ukurasa.

Mlango wa tatu alikabidhiwa Mkaguzi, bwana mwenye rula, tochi na utiifu usio na mfano. Kufika saa nne asubuhi alikuwa amesharudisha bwana harusi mmoja na timu nzima ya mpira. Aliona taifa linamtegemea.

Akaja mama mmoja, dobi. Gauni lake Mkaguzi alilimulika mara mbili asione mkunjo hata wa dawa. Lakini miguuni, ndala, moja imeshikwa kwa pini.

"Mama, hizo haziruki."

"Mwanangu, miguu imevimba, viatu vyangu vyote vimenikataa. Nimesimama na pasi miaka thelathini. Binti yangu anapasuliwa kesho asubuhi, amesema haingii chumba kile bila kuniona."

"Pole sana mama. Machozi yapo ukurasa wa arobaini."

Alimwonea huruma, tena sana. Ila huruma haikuwa na kifungu.

"Mrudishe huyo, unatuchelewesha!" ilifoka sauti nyuma. Alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, anakwenda ng'ambo kupokea nishani ya unadhifu. Mkaguzi alimpigia saluti, akamzunguka na tochi, akahesabu.

"Saba, mheshimiwa."

"Saba nini?"

"Mikunjo. Minne iko makalioni, kwa heshima zote."

"Nililala kwenye gari! Wewe, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mkuu. Ila ukurasa wa pili unaniagiza nisikujue."

Abiria wakaanza kucheka, simu zikatolewa. Mkurugenzi jasho likamtoka. Pasi ya dharura ilikuwepo mezani, kama Mwongozo ulivyoagiza, ila hakuna mtumishi aliyefundishwa kuitumia.

"Vua, baba," dobi akasema. "Dakika tano tu."

Mkurugenzi akajificha nyuma ya pazia la ukaguzi. Suruali iligoma kupita kwenye viatu, akavivua navyo, akavisukuma nje kwa kidole cha mguu. Dobi akavitazama kidogo, kisha akashika pasi. Tangazo la mwisho lilipoita, aliipitisha suti juu ya pazia.

"Vaa taratibu, baba, isikunjamane."

Halafu akarudi kwenye rula. Mkaguzi aliinama: vidole vimefunikwa, kisigino kimefunikwa. Viatu vilikuwa vyeusi, vikubwa, vinang'aa. Mwongozo ulitaka viatu tu, haukuuliza vya nani.

"Safari njema, mama. Mpe pole binti." Furaha ilimjaa mpaka akaangusha tochi.

Mkurugenzi akatoka nyuma ya pazia, hana mkunjo hata mmoja.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Sakafuni zilibaki ndala mbili, moja na pini yake. Akatumbukiza miguu humo, akakimbilia mlangoni. Mkaguzi akamnyooshea rula kifuani, akapiga saluti kwa mkono wa pili.

"Pole sana, mkuu," alisema, na pole yenyewe ilitoka moyoni. "Hizo haziruki."