Foi Yangu Imechoka

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Vidonge vyangu vya ugonjwa wa sukari vimekwisha kwenye zahanati. Mama Arlette, nesi wetu hapa Panda, alinifungulia kabati nisije nikadhani ananificha. Ndani kulikuwa na mjusi. Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Baba yangu mdogo alikatwa mguu kwa sukari hiihii, akafa akiuliza wameuweka wapi.

Basi nimefikiri mwenyewe. Kitamu huuawa na kichungu. Nimechimba mizizi kando ya barabara ya Kambove, ile ambayo hata mbuzi huipita bila kuisalimu, nikaichemsha mpaka maji yakawa meusi. Jirani yangu Isidore, anayejiita tradi-praticien, yaani mganga wa mizizi, huwapa wagonjwa wake kijiko. Kijiko! Mimi nimekunywa vikombe vitatu. Kabedi, mke wangu, ameonja, akatema, akasogeza kuku mbali na pale alipotema.

Alhamisi, 6 Oktoba
Sisimizi hawafuati tena mkojo wangu. Ushindi. Isidore ametangaza barabarani kwamba sijui kutofautisha mzizi na waya wa umeme. Wivu. Nimeongeza kikombe cha nne.

Ila mkojo sasa una rangi ya Coca. Na upande wa kulia wa tumbo kuna kitu kizito, kama nimemeza jiwe. Mchana Kabedi alinitazama, akaacha kuchekecha unga. Akasema, taratibu, “Papa Séraphin, macho yako iko kama mafuta ya ngazi.”

Nikachukua kioo. Kweli. Manjano, rangi ya mawese. Na Isidore akiyaona je? Nimevaa miwani myeusi ya kuchomelea, niliyotoka nayo kazini karakana ilipofungwa. Sioni kitu. Nimeupa mkono mpapai, nikauuliza habari za nyumbani.

Ijumaa, 7 Oktoba
Hofu imenipeleka zahanati. Mama Arlette alinivua miwani, akanibonyeza tumbo, akafunga daftari. Nesi kufunga daftari ni kubaya kuliko sindano. Kisha akasema, “Papa, ni foi. Foi yako imechoka kabisa. Ukiendelea hivi, utakufwa.” Hapo akaletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, nami nikasukumwa nje kabla sijauliza.

Foi! Imani! Kifaransa nimejifunza mwenyewe, kwa nyimbo za kanisani. Neno hilo siwezi kulikosea. Lakini amejuaje? Kweli nimesinzia katika mahubiri matatu. Kweli tangu Agosti nafumba macho bila kuomba. Ni Isidore. Hukaa benchi la nyuma yangu.

Jumapili, 9 Oktoba
Nilifunga tangu jana asubuhi. Nilikunywa mizizi tu, na mizizi ile hakuna binadamu atakayeiita chakula. Pasta Gaston alipowaita wenye imani dhaifu, nilisimama haraka, Isidore asinitangulie. Pasta akaniwekea mikono.

Jasho baridi. Midomo ikafa ganzi. Magoti yakalegea, nikaanguka chali, na kanisa lote likapiga makofi. Nilitaka kuwaambia ninakufa, ulimi ukakataa. Nikamsikia Isidore akilia kwa furaha kwamba Roho amenishukia. Ndani ya miwani kulikuwa giza tupu. Nikawaza: kumbe kifo ndicho hiki, na ngoma zake.

Kabedi peke yake alijua kwamba huko si kuanguka kwa Roho. Akawasukuma mashemasi, akanimiminia maji ya sukari kinywani. Nilijaribu kumtema adui. Akanibana pua. Nikameza, nikarudi duniani.

Jumatatu, 10 Oktoba
Mama Arlette amekuja nyumbani. Kabedi akamweleza kwamba nilikuwa nafunga chakula kwa ajili ya ile foi. Nesi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Akanibonyeza chini ya mbavu za kulia, nikapiga yowe.

“Foie, papa! Na e nyuma. Maini! Ile nyama bantu banakaanga na kitunguu. Mizizi yako ndiyo inaiua. Na kule kufunga kulishusha sukari yote mara moja. Tupa ile mizizi leo, maini inaweza kupona. Ukikunywa tena, Kabedi atavaa nyeusi mbele ya Noeli.”

Nikauliza inawezekanaje maini na imani kuitwa jina moja. Akasema niwaulize Wafaransa. Alipoondoka nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Kabedi alikaa kando yangu, mkono kwenye mguu wangu. Nikaona anaogopa kuliko mimi.

Jumatano, 12 Oktoba
Sufuria nzima nimeimwaga, na mizizi iliyobaki nimeichoma moto mbele ya Kabedi. Amelia kidogo. Nimemwapia kwamba nesi nitamtii neno kwa neno, na mimi ni mtu wa kiapo.

Macho bado manjano. Kila saa nayaangalia, kila saa natamani nisingeyaangalia. Sitaki kufa. Siwezi kukaa tu hivi, mikono mapajani, nikingoja maini yaamue yenyewe.

Asubuhi, nyuma ya karakana, nimekuta mmea wenye majani mapana, laini, mekundu-meusi. Nimelipeleka jani moja kwa muuza nyama, tukalilaza juu ya maini ya ng'ombe. Umbo lilelile! Muuza nyama mwenyewe ameshangaa. Mungu hachori kitu kama hicho bure. Kabedi amekwenda sokoni. Maji yameanza kuchemka.

Mama Arlette alikataza mizizi. Haya ni majani.