Nyanya za Siku Tisini na Tano

Jumatatu, 6 Januari

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi na mbwa: leo asubuhi katalogi ya kwanza ya mbegu imewasili salama kaskazini mwa Minnesota. Nje, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Ndani, ukurasa wa nne, nyanya nyekundu kubwa kama kichwa cha mtoto. Nilivua miwani, nikaifuta, nikatazama tena.

Furaha ilidumu hadi chakula cha mchana. Mke wangu Marlys naye alikuwa na tangazo. Mwaka huu kampuni moja tu ya mbegu, oda moja tu. Na asipoona nyanya moja nyekundu kabla ya baridi ya Septemba, bustani anapewa jirani yetu Verlyn, anayetafuta mahali pa kuweka kibanda anachovulia samaki juu ya barafu ya ziwa, kila barafu hiyo inapoyeyuka. Miaka mitatu mfululizo nimevuna nyanya za kijani. Chini ya nyumba kuna chupa sitini na moja za achari ya nyanya hizo. Marlys anasema hata kanisani wameanza kuzikataa. Kwa upole, lakini wanazikataa.

Jumatano, 8 Januari

Katalogi saba sasa. Zenye maana ni mbili. Kampuni ya kaskazini: picha hazina rangi, nyanya kama gololi, zinaiva kwa siku hamsini na tano. Kampuni ya kusini: ile ya ukurasa wa nne. Siku tisini na tano. Kwetu baridi inatuachia tisini, ikiwa na huruma. Mwenye akili angechagua kwa dakika moja. Mimi nimekaa mezani tangu asubuhi.

Verlyn alikuja kunywa kahawa. Alipotoka akaipima bustani kwa hatua, theluji magotini. Niligonga dirisha. Akapaza sauti kwamba usijali, mkulima wangu, kibanda changu hakihitaji mbolea!

Ijumaa, 10 Januari

Nina mpango! Oda ya kaskazini nimeijaza mbele ya Marlys. Stempu kaibandika mwenyewe. Lakini sharti lilinihusu mimi. Halikumtaja mbwa. Oda ya kusini imekwenda kwa jina la Bwana Torsten Lindgaard. Lindgaard ni ukoo wetu. Torsten ndiye anayelala juu ya viatu vyangu.

Nilimwomba Bernadine, mleta barua, vitu vya Torsten anikabidhi mimi mkononi. Akauliza kama ni ndugu yangu. Nikasema ni mtu wa karibu.

Jumanne, 21 Januari

Nimekwisha! Nilikuwa juu ya paa nikiondoa theluji. Bernadine akamkuta Marlys mlangoni. Akampa pakiti zote mbili, na barua: Mpendwa Bwana Torsten, wewe ni mteja wetu wa thamani. Marlys aliisoma yote kwa sauti, akimtazama mbwa. Mbwa akatikisa mkia. Msaliti!

Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, haya Orrin, huyu mteja wa thamani ataanza lini kupalilia? Akampigia simu Verlyn.

Alhamisi, 23 Januari

Verlyn kaja na futi ya kupimia. Niliomba. Nilisema maneno ambayo mwanamume wa miaka hamsini na sita hasemi mbele ya jirani. Marlys akalegea: nibaki na pakiti moja, nipande hiyo tu, nyingine apewe Verlyn. Sharti la nyanya nyekundu liko palepale. Nikapewa dakika kumi, peke yangu jikoni.

Nilitoka na pakiti ya kaskazini. Marlys alinishika bega, akasema, "Haya, mume wangu, hatimaye umekua." Verlyn akachukua ya kusini. Alisema hajawahi kupanda kitu maishani, lakini atazitupia kwenye ndoo, tuone.

Sasa ukweli, kwa kuwa shajara haina mdomo. Zile dakika kumi zilinitosha. Nilifungua pakiti zote mbili kwa mvuke wa birika, nikabadilisha mbegu, nikazifunga kwa gundi. Mimi nina za ukurasa wa nne. Verlyn ana za siku hamsini na tano.

Nahitaji siku tano tu za joto la ziada. Tano! Mwaka huu nina hakika.

Hata hivyo, nimemwomba Marlys asitupe chupa tupu.