Chupa ya Tatu Kutoka Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Shajara mpya. Kalamu mpya. Mimi pia mpya: shule imekwisha, nimetimiza miaka kumi na tisa, na kuanzia leo nina kazi. Ni kazi ya wiki moja tu. Lakini kazi!

Naosha glasi kwenye baa ya Shangazi. Si baa ya viti vya plastiki na redio inayokoroma. Kuta ni za mianzi, ndani ya paa la bati kuna paa jingine la makuti, na vinyago vya mbao vinawachekea wateja kwa meno yote. Kila kinywaji kinatoka na kimwavuli cha karatasi. Leo mchana aliingia dereva wa lori amenuna kama kadaiwa. Alipotoka alikipungia mkono kinyago cha mlangoni.

Mfalme wa kaunta ni mchanganya vinywaji, anaitwa Fundi. Ana masharubu yaliyosokotwa ncha mbili. Kinywaji chake maarufu ni Kisiwa Kinachowaka: ramu, ndimu, maji ya nanasi, tui zito la nazi, barafu iliyosagwa, na juu kabisa ganda la ndimu lenye ramu kidogo, likiwashwa moto. Moto wa bluu! Watu wazima wanapiga makofi kama watoto wa chekechea.

Nataka kufanya kitu hicho maishani. Sitaki kingine.

Mama anataka kingine. Kaniandikisha chuo cha ushonaji, masomo yanaanza Jumatatu ijayo. Mimi, niliyewahi kushona blauzi ikakosa pa kupitishia mkono!

Nimemwandikia Shangazi barua kuomba anibakize. Alikuwa chumba cha pili. Akajibu kwa sauti kupitia ukutani: Jumamosi wanakuja wenzake watano aliosoma nao. Nikiwachanganyia Kisiwa mwenyewe na kuwahudumia bila kukimbilia stoo, nafasi ni yangu. Nikikimbia, nikashone.

Matatizo ni mawili. Kwanza, aibu. Mteja akiniuliza saa, nakimbilia stoo. Pili, sinywi pombe, na harufu ya ramu inanipigisha chafya. Leo nimepiga kumi na moja. Fundi alinihesabia.

Jumanne, tarehe 4

Nilifanya mazoezi na ufagio. "Fundi, naomba unifundishe Kisiwa." Ufagio ulinielewa vizuri sana.

Saa sita nikamwendea Fundi mwenyewe. Nikasema, "Fundi, naona mawingu." Akatazama dirishani, akakubali kwamba ndiyo, mawingu yapo. Nikarudi kwenye sinki.

Basi nitaiba ujuzi kwa macho. Ugumu ni kwamba chupa zake tisa zote ni nyeusi, zote sawa, hazina hata kibandiko kimoja. Anazijua kwa mahali zilipokaa. Ujanja ulioje! Wazi kabisa kwamba anaficha siri.

Lakini hakunifikiria mimi. Nikiosha glasi nampa mgongo, ila mbele yangu, juu ya sinki, kuna kioo kikubwa. Kwenye kioo naona rafu nzima. Jioni nzima nimechungulia. Kila akitengeneza Kisiwa, mkono wake unakwenda chupa ile ile: ya tatu kutoka kushoto.

Nimeiandika kiganjani. Halafu nikaosha glasi. Nimeiandika tena.

Jumatano, tarehe 5

Shangazi kaniruhusu nichukue ramu kidogo ya mazoezi, nijimiminie mwenyewe. Fundi alipokwenda kula, nikasimama mbele ya rafu. Moja, mbili, tatu kutoka kushoto. Nikamimina: rangi ya kahawia iliyokolea, nzuri mno. Nikasogeza pua nikisubiri chafya.

Haikuja! Hata moja! Pua yangu imeikubali kazi.

Nyumbani mwonjaji ni Bibi. Ramu alionja mara moja tu ujanani, harusini kwa watu. Nikamchanganyia Kisiwa bila moto, maana kiti chake kiko karibu na pazia. Akanywa, akafumba macho. Akasema hajaisikia sawasawa, ulimi haujaikamata, niongeze. Nikaongeza. Akasema sasa anaisikia magotini. Glasi ya tatu, akavua viatu na kumwita jirani kupitia dirishani: "Wee! Njoo haraka, mjukuu wangu ananiua kwa raha!"

Jirani alikuja na kikombe chake kabisa.

Alhamisi, tarehe 6

Majaribio yameendelea. Bibi na jirani walikaa tayari tangu saa nane, wamejipaka wanja. Baada ya glasi mbili jirani alimwambia Bibi kwamba miaka ile si yeye aliyevunja chungu chake, halafu akakiri kwamba ni yeye. Wakakumbatiana. Bibi akacheza na pazia.

Mama akaingia.

Alisema mengi. Kwamba mama mkwe wake mzima na akili zake, leo anarukaruka na pazia! Kwamba mimi nimeiharibu nyumba! Akainyakua glasi ya Bibi aimwage, akainusa, akaonja ili ajue ni sumu gani. Akaonja tena. Akakaa. Dakika tano baadaye alikuwa anacheka peke yake, akisema kichwa kinamzunguka na tusimwambie Baba.

Hata hivyo ada ya ushonaji haijafutwa. Nimeuliza, kwa kikaratasi.

Ijumaa, tarehe 7

Fundi kanikamata nikitazama kioo. Akaniambia kwa upole mbele ya wateja wawili kwamba mimi ni mzuri, asiyeona hilo ni kipofu, lakini glasi nazo zinahitaji kutazamwa.

Nilikaa stoo dakika arobaini.

Jumamosi, tarehe 8

Nitaandika yote, hata yale ya aibu.

Saa tisa alasiri walifika, kanga mpya, vicheko tangu barabarani. Mkubwa wao, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa na kilemba kirefu kuliko heshima yangu. Shangazi akamwamuru Fundi aketi upande wa wateja. Akaketi, mikono kifuani, ncha za masharubu zikinielekea mimi.

Nikajikaza kisabuni. Ndimu, nanasi, tui, barafu. Chupa ya tatu kutoka kushoto. Nikatikisa mpaka bega likalia. Nikajaza maganda ya ndimu, nikawasha kiberiti.

Ganda la kwanza halikuwaka.

Kiberiti cha pili. Cha nne. Ganda likatoa sauti ya tsss na kunitazama. Mlango wa stoo ulikuwa hatua tatu tu! Niliutazama. Nikamwona Shangazi ananitazama nikiutazama.

Nikafungua kinywa nikasikia mtu anasema, kwa sauti yangu, "Leo Kisiwa kimelala. Kinyweni taratibu, msikiamshe."

Wakapiga meza kwa furaha! Wakanywa. Wakaagiza tena. Kufika glasi ya pili wanaimba wimbo wa shule yao, mmoja kapanda juu ya kiti kuongoza kwaya, mwingine anasema miguu haioni. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba kwa ramu kali kama hii Shangazi atawapeleka pabaya, na ameshukuru.

Fundi akainuka. Akachovya mrija, akaonja. Masharubu yakapanda.

"Hii ni chai," akasema.

Chai! Chai ya rangi iliyokolea, yenye mdalasini, anayoichemsha kwa ajili ya madereva na wasiokunywa. Ramu ni ya tatu kutoka kulia. Akaelekeza kioo juu ya sinki, akaelekeza rafu nyuma yangu, akazungusha kidole kunionyesha jinsi mtu akigeuka, kushoto kwake kunavyokuwa kulia. Nilitamani sakafu inimeze.

Aliyekuwa juu ya kiti akashuka polepole, akanyoosha kanga yake. Kisha mwalimu mkuu akapasuka kicheko, na wote wakafuata, Shangazi akilia machozi na kumpiga Fundi mgongoni. Nami nikacheka. Nikiwa nimesimama! Mbele za watu!

Fundi akatengeneza Kisiwa cha kweli, moto wa bluu na vyote, akanipa nikipeleke. Nikabeba kwa mikono miwili. Mvuke wa ramu ukanifikia puani.

HAPCHAA!

Moto ukazimika. Kimwavuli kikaruka na kuchomeka kwenye kilemba cha mwalimu mkuu. Akakigusa, akaona kimekaa vizuri, akakiacha hapo mpaka alipoondoka. Wenzake wote wakadai vyao.

Hukumu ya Shangazi: nimeharibu kila kitu, lakini sikukimbia. Nabaki! Mama ataambiwa kesho.

Fundi naye kasema Jumatatu saa nne asubuhi atanifundisha kila chupa. Kwamba ningemwuliza tangu mwanzo angeniambia. Kwamba siri haipo, vibandiko vilibanduka tu kwa unyevu.

Jumatatu, tarehe 10

Mama amekubali, kwa sharti kwamba Alhamisi nirudi na chupa ya "ile ile". Nimemweleza kwamba ni chai. Akasema chai anaijua, na ile siyo.

Asubuhi nimewaza sana kuhusu Fundi. Siri haipo? Mtu mwenye masharubu yale? Vibandiko tisa vibanduke vyote kwa pamoja? Mimi si mtoto. Anataka kunifundisha chupa za uongo.

Tena kukaa naye ana kwa ana saa nzima, akiniuliza maswali! Nimemwachia kikaratasi kwamba tumbo linauma, somo lisubiri.

Somo nimelipata, na sitalisahau maisha yangu yote: kioo hakiaminiki. Kwa hiyo tangu saa nne niko hapa kwenye sinki nasugua sinia la bati kwa majivu. Limetakata kama mwezi. Nikiliegemeza kwenye bomba na kumpa Fundi mgongo, naiona rafu yote.

Mkono wake umekwenda chupa ya pili kutoka kulia. Nimeiandika kiganjani.