Suruali Yangu ya Uji wa Sukari

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya wakwe. (Wakwe watarajiwa, na hapo ndipo penye kilio.)

Mnajua nimepeleka posa kwa Mzee Shomari wa Mtoni, namtaka binti yake Mwanaidi. Juzi mshenga akaniambia mzee anataka kuniona kwa macho yake kabla hajajibu. Nikasema vyema, leo ataona mtu! Mie karani wa mjini, nina suti nyeupe ya kitambaa cha dril, na Temeke nzima inajua mstari wa pasi wa suruali yangu unaweza kukata nyama.

Dobi nilishamfukuza, eti wanga wake mwepesi. (Fundi mimi.) Asubuhi nikaingia jikoni, nikakuta sufuria ya uji mwembamba. Nikajua dada yangu Zena ameniwekea wanga wa muhogo. Nikachovya suruali, nikaianika. Kwa jua hili la kaskazi, haukupita muda ikawa inasimama yenyewe. Nikaipiga pasi ya mkaa, chumba kizima kikanukia maandazi. Nikajisifu kwamba mtu mtanashati hata pasi yake hunukia.

Natoka mlangoni, Zena huyo.

"Kaka, nani kamaliza uji wa mtoto? Nilishautia na sukari!"

Nikaitazama suruali. Kisha nikajiuliza, kwani nani atailamba suruali yangu? Nikaenda zangu.

Nimefika Mtoni jasho linachuruzika. Mzee Shomari nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, kifua wazi, shuka kiunoni, anafyonza mabibo na upepo unampepea. (Maskini, hajui mavazi.) Mkewe, Bi Mwajuma, alikuwa kwenye mkeka wake kando. Nyuma ya ua wa makuti nikasikia wasichana wananong'ona. Mwanaidi yumo!

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa ule mabibo, yametoka mtini sasa hivi."

"Ahsante mzee. Maji yake yakidondokea nguo nyeupe hayatoki."

"Basi vua koti upunge upepo."

"Hapana mzee, sisikii joto kabisa."

(Viatu vyangu vilikuwa vimejaa jasho.)

Nikaegemea shina la mkorosho, mguu juu ya mguu, ule mstari uonekane vizuri hata kutokea uani. Sasa, kwenye mikorosho kuna majimoto, wale chungu wekundu wanaouma. Mimi nimezaliwa huku, nawajua. Lakini leo nilikuwa na mambo makubwa ya kufikiria.

Sukari waliipata upesi. Wa kwanza akaniuma kwenye shavu la mguu. Nikatabasamu. Mzee akaniuliza kazi inaendaje.

"Inaendelea vizuri, m-MAMA WEE!"

Wa pili aliniuma wapi, hamtanisemesha. Wakaja wote. Nikaruka, nikajipiga mapaja, nikazunguka mkorosho mara sijui ngapi. Hawakutoka. Basi nikavua. Jamani, nilivua suruali mbele ya mama mkwe!

Bi Mwajuma akaziba macho kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanitupia kanga yake. Uani vicheko vikaripuka. Mbuzi wa mzee akaisogelea suruali, akaanza kuilamba kwa raha zake.

"Umeitia nini hiyo?" mzee akauliza.

"Uji, mzee."

"Wa sukari?"

"Wa sukari."

Mzee akacheka mpaka bibo likampalia. Mimi nimesimama hapo, koti na tai juu, kanga ya mkwe chini, nasubiri kufukuzwa. Niliona kabisa Mwanaidi ndiyo basi tena. Nilitaka kulia.

Ndipo Bi Mwajuma akasema, macho bado ameziba: "Mkubalie tu, baba Mwanaidi. Kijana keshanivulia suruali, ataoa wapi tena?"

Basi posa imejibiwa. Atakayecheka, pilau la harusi yangu hali.